Amefanikiwa kwa Mizani ya Nani?

Nenda Chanika, Kivule au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, utakuta nyumba za kila hatua. Kiwanja kimoja kina msingi tu na rundo la mchanga lililoota nyasi. Kingine kina boma lililofika kwenye lenta likasimama hapo, mpaka mpapai umeota panapotakiwa kuwa sebule. Nyumba ya tatu imeshaezekwa, lakini madirisha yamezibwa kwa mabati na kuta hazijapigwa lipu. Wenyewe wamehamia hivyo hivyo, wamechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Halafu kuna ile yenye uzio, geti la chuma na marumaru hadi barazani. Mpita njia haulizi kitu. Anatazama tu, na tayari ameshaamua nani kafanikiwa na nani bado anahangaika.

Hukumu hiyo ya njiani ina nguvu kuliko inavyostahili. Watu wazima wanakosa usingizi kwa ajili yake. Wanaingia mikopo ya kausha damu, ile ya riba inayomaliza mtu, ili harusi isionekane ya kimaskini. Wanakwepa kikao cha ukoo cha Desemba kwa sababu gari halijapatikana. Na bado ukiwauliza mafanikio yenyewe ni nini, wengi watakutajia orodha waliyoikuta: kazi, nyumba, gari, ndoa, watoto shule nzuri. Orodha hiyo haina ubaya. Ila haisemi iliandikwa na nani, wala ilishonwa kwa vipimo vya maisha ya nani.

Nadhani jambo hili linachanganya kwa sababu ndani ya swali moja yamejificha matatu. Mtu amefanikiwa katika jambo gani? Mbele ya nani? Na hesabu imefungwa lini? La kwanza tunalizungumza sana. Hayo mawili mengine tunayaruka, na humo ndimo unamotoka ugomvi mwingi. Mzazi na kijana wake, mke na mume, aliyebaki kijijini na aliyekwenda mjini wanaweza kuwa wanayatazama maisha yale yale, kila mmoja akasema kweli, kwa kuwa kila mmoja ana shahidi wake na tarehe yake ya kufunga hesabu.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Nyumba haikupewa cheo chake bure. Mshahara wa mtu ni siri yake. Akiba iliyoko SACCOS au kwenye simu haionekani, na deni nalo halionekani. Katika jamii ambako wengi wanaishi kwa biashara ndogo na vibarua, hakuna karatasi ambayo jirani anaweza kuisoma akajua unasimama wapi, kwa hiyo tofali ndilo linalosema. Nyumba pia ni kinga ya kweli: aliye kwake haamshwi na mwenye nyumba anayedai kodi, na uzeeni ana pa kujisitiri. Kujenga kwenu kuna uzito mwingine tena. Mchaga anayefanya kazi Mwanza au Dar akirudi Kilimanjaro mwezi wa kumi na mbili, akakuta nyumba yake mwenyewe imesimama kwenye kihamba cha baba, yaani ardhi ya ukoo, ni ushahidi kwamba hakupotelea mjini. Kwa Mjaluo wa Nairobi, kukosa nyumba kwenye makazi ya ukoo wake ni aibu itakayosemwa hata msibani kwake.

Shida inaanza pale kinachoonekana kinapokifuta kisichoonekana. Chukua watumishi wawili wa halmashauri, walioajiriwa mwaka mmoja kwa mshahara mmoja. Baada ya miaka kumi, wa kwanza ana nyumba iliyokwisha hadi fensi. Wa pili bado amepanga vyumba viwili. Lakini katika miaka hiyo hiyo wa pili alimpeleka mama yake kusafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, figo zilipokataa, hadi mama alipofariki. Amesomesha wadogo zake wawili, na mmoja sasa ni nesi. Mtaani watasema huyu wa pili "hana alichofanya". Pesa yake imekwenda mahali pasipoweza kupigwa picha. Kila ukoo una mtu wa namna hii, na mara nyingi ni wa kike.

Walioko mbali wanaibeba hukumu hii kwa namna nzito zaidi. Dada aliyetoka Tanga au Mombasa kwenda kufanya kazi za ndani Oman au Saudia, nyumbani anajulikana kwa pesa anazotuma na picha anazoweka kwenye simu. Wanaomsubiri hawaoni saa anazofanya kazi wala chumba anacholala. Mkataba ukimwendea vibaya, kinachomzuia kurudi mara nyingi ni aibu ya kushuka uwanja wa ndege mikono mitupu. Shahidi wake anaona upande mmoja tu wa maisha yake, na bado yeye ndiye anayetoa hukumu.

Mizani imewahi kubadilishwa hadharani

Wapo wanaoamini kwamba mali ndicho kipimo cha asili, kwamba binadamu amekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Historia yetu wenyewe inakataa. Azimio la Arusha la Februari 1967, tamko la siasa ya ujamaa la chama tawala cha TANU, liliweka masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Angalia sharti hilo la mwisho. Nyumba za kupangisha, ambazo leo ni alama ya kwanza ya mtu aliyejipata, wakati ule zilitosha kumkosesha mtu sifa ya uongozi. Tamko la chama liligeuza fahari kuwa doa.

Mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikaa Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Ilikuwa enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na watu wakaanza kutafuta mali mchana kweupe. Kati ya tarehe hizo mbili ni miaka 24. Mtumishi aliyekuwa na umri wa miaka 25 Azimio lilipotangazwa alikuwa na miaka 49 kanuni ilipogeuka. Ujana wake wote alipimwa kwa utumishi. Uzee wake ukaja kupimwa kwa viwanja. Wapo wastaafu wa kizazi hicho waliodharauliwa na watoto wao wenyewe kwa kutojichotea walipokuwa na nafasi. Hilo linaniumiza kila ninapolisikia. Mzee aliyeshika funguo za ghala la umma miaka ishirini na akatoka na baiskeli yake ile ile alifaulu mtihani mgumu sana, ila msahihishaji alibadilishwa kabla ya matokeo kutoka.

Azimio lina kasoro zake za kiuchumi, na zimeandikwa vya kutosha. Ninalolitaka hapa ni moja tu: kile ambacho jamii inakiheshimu huwekwa na watu, kwa sababu zao na kwa wakati wao, na watu wale wale wanaweza kukiondoa.

Mbio za Mexico City

Kuna mbio moja zinazoonyesha mambo haya yote matatu, jambo, shahidi na wakati, kuliko nadharia yoyote ninayoijua. Ni marathoni ya Olimpiki ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico City ulioko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mapafu ya mgeni yanataabika. Wakimbiaji 75 walianza. Waliomaliza ni 57.

Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Mwethiopia mwenzake, Abebe Bikila, aliyeshinda Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku na kushinda tena Tokyo mwaka 1964, alijitoa kwenye kilomita ya 17 hivi kwa sababu ya mguu uliokuwa na maumivu. Na wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza alikuwa Mtanzania, John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu. Karibu na kilomita ya 19 wakimbiaji walisongana wakigombea nafasi, akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea. Alipoingia uwanjani giza lilikuwa limeshaanguka na watazamaji wengi wameondoka. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wolde alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake.

Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alitoa jibu ambalo limeizunguka dunia: nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Sikiliza jibu hilo limejengwaje. Hakusema ametimiza ndoto yake, wala hakujitaja kuwa shujaa. Alimtaja shahidi wake, nchi yake, na akataja alichotumwa. Ulikuwa mwaka mmoja na miezi minane tu baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ikiwa taifa changa ambalo kijana aliyevaa jezi yake aliamini kweli kwamba ametumwa. Kwa mizani ya saa ya mkononi, alishindwa. Kwa mizani ya aliyetumwa, kazi ilikamilika pale alipovuka mstari. Mwaka 1983 alitunukiwa nishani ya taifa ya ushujaa, na mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliopewa kuushika.

Lakini kisa hiki kimetumiwa vibaya, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu naona tunamkosea heshima mzee wetu. Kwenye mahafali na semina kinasimuliwa kana kwamba kushika mkia ni mafanikio mradi usikate tamaa. Akhwari hakwenda Mexico kushika mkia. Alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni bora kuliko ule uliompa Wolde dhahabu, ingawa Edinburgh haina mwinuko wa Mexico. Ukimwuliza mkimbiaji yeyote anayeijua kazi, atakwambia mbio nzuri ni zile za Edinburgh. Ni wachache mno wanaozikumbuka. Dunia ilichagua siku moja ya maisha yake na kuifanya kuwa yeye, na hata tunapomsifu tumeacha nje sehemu kubwa ya kazi yake.

Sasa wafuatilie wenzake. Wolde alirudi na dhahabu, akaongeza medali ya shaba Munich mwaka 1972. Baada ya utawala wa kijeshi wa Derg kuanguka huko Ethiopia, alikamatwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 akituhumiwa kuhusika na mauaji ya kipindi cha Ugaidi Mwekundu, utawala huo ulipokuwa ukiwaua wapinzani wake, tuhuma alizozikana. Alikaa gerezani miaka tisa hivi. Alitoka mwanzoni mwa mwaka 2002 na akafariki mwezi Mei mwaka huo huo. Bikila alipata ajali ya gari mwaka 1969 iliyompooza miguu, miguu ile ile. Akaingia kwenye michezo ya kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na akafariki mwaka 1973. Ni nani kati yao alifanikiwa? Ukifunga hesabu jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, jibu ni jepesi. Ukiifunga siku nyingine yoyote, jibu linakataa kutulia.

Na kuna mmoja ambaye hakuwepo kabisa siku ile. Kokichi Tsuburaya wa Japani alipata medali ya shaba Tokyo mwaka 1964, mbele ya watu wake. Aliingia uwanjani akiwa wa pili, Mwingereza Basil Heatley akampita katika mzunguko wa mwisho, umati mzima ukishuhudia. Medali ya shaba ya Olimpiki ni kitu ambacho wanariadha wengi hufa bila kukigusa. Yeye aliiona kama deni kwa taifa, deni alilokusudia kulilipa Mexico. Mwili ukamkatalia kwa majeraha. Januari 1968 alijitoa uhai, akiwa na miaka 27, akiacha barua ya kuwashukuru ndugu zake na kusema kwamba amechoka, hawezi kukimbia tena. Tsuburaya na Akhwari wote waliibeba nchi mabegani. Mmoja ilimvusha mstari akiwa na goti lililoteguka; mwingine ilimlemea akiwa na medali shingoni. Kwa hiyo anayesema "fanikiwa kwa ajili ya watu wako" na anayesema "usijali watu, fuata moyo wako" wote wameishika nusu tu ya jambo. Shahidi anayekutuma akikujali na shahidi anayekudai ni wawili tofauti, hata kama wote wanaitwa taifa, au ukoo, au mama.

Wa pili na wa tatu

Watafiti wamewahi kuligusa jambo hili kwa karibu. Mwaka 1995 wanasaikolojia Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha utafiti uliotumia picha za video za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waliotazama nyuso za washindi, bila kujua nani kapata nini, waliwaona wa medali ya shaba wakiwa na furaha kuliko wa medali ya fedha. Maelezo yao yanaeleweka mara moja: wa pili anamtazama wa kwanza na kuona alichokikosa, wa tatu anamtazama wa nne na kuona alichokiponea. Tsuburaya alikuwa wa tatu, lakini alikuwa wa pili hadi mzunguko wa mwisho, na macho yake yalibaki pale.

Utafiti mwingine ninaoupenda ni wa Sara Solnick na David Hemenway, uliochapishwa mwaka 1998. Waliwauliza watu, wengi wao wakiwa wa Chuo Kikuu cha Harvard, wachague: ulipwe dola 50,000 kwa mwaka katika jamii ambako wengine wanapata 25,000, au ulipwe 100,000 wakati wengine wanapata 200,000, bei za vitu zikiwa zile zile. Karibu nusu walichagua kupata kidogo ili mradi wawe juu ya wenzao. Hao ni watu waliosoma na wenye uhakika wa kula. Basi tusimcheke anayenunua gari la mkopo kwa sababu kundi la WhatsApp la waliomaliza naye sekondari limeanza kuweka picha za magari.

Kuhusu pesa yenyewe, kuna kauli inayozunguka kwamba haileti furaha, na hutolewa zaidi na walionazo. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani, hali ya moyo ya kila siku huacha kupanda baada ya kipato cha dola 75,000 hivi kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akapata matokeo tofauti: furaha inaendelea kupanda. Kahneman na Killingsworth wakakaa pamoja, na mwaka 2023 wakachapisha kwamba kwa watu wengi kweli inaendelea kupanda, isipokuwa kwa kundi la wale wasio na furaha, ambao majonzi yao pesa huyapunguza hadi kiwango fulani halafu ikagota. Nchi yao si yetu na viwango vyao si vyetu, lakini mpaka wa pesa unaonekana vizuri. Inaondoa taabu ambazo ni za ukosefu wake: mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa michango, dawa iliyoandikwa na isiyonunuliwa. Kwa aliye katika taabu hizo, kumwambia mafanikio ni amani ya moyo ni kumkosea adabu. Kwake mafanikio ni dawa kupatikana, na hajakosea.

Mwanamke na cheti cha ndoa

Mizani inaweza pia kugeuzwa silaha. Mkenya Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, akinamama wakipanda miche mashambani mwao. Kisha ndoa yake ikavunjika mahakamani, na kwa kumkosoa hadharani hakimu wa kesi hiyo alitiwa ndani kwa siku kadhaa. Mwaka 1989 alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, hoja ilikuwa nyepesi: bustani ni ya umma. Bungeni hawakuhangaika na hoja. Wabunge walilikejeli kundi lake kuwa ni la wanawake walioachika. Shahada, miche, kazi ya miaka, vyote vilifutwa kwa kipimo kimoja ambacho hakikuhusiana na bustani hata kidogo.

Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Naandika hili nikiwafikiria wanawake wengi ambao hawatapewa tuzo yoyote, wenye maduka yao, ofisi zao, watoto waliowalea vizuri, ambao kwenye kila harusi ya ndugu huulizwa swali lile lile na shangazi yule yule: na wewe lini? Mwanamume mwenye mali asiye na mke husemwa anachagua. Mwanamke wa hali hiyo hiyo husemwa ana kila kitu ila kimoja, na hicho kimoja kinafanywa kiwe kizito kuliko vyote alivyonavyo. Hakuna aliyepiga kura kuamua hivyo. Ni sisi tunaoendelea kuuliza.

Tarehe ya kufunga hesabu

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, namba ya divisheni husomwa na ukoo mzima kabla mtoto mwenyewe hajashika simu. Ana miaka 17 au 18. Aliyepata ziro anaitwa aliyefeli, na kwa baadhi ya familia jina hilo halimtoki hata akifikisha arobaini. Mtihani ule unapima kweli kitu fulani, na kuna milango unayoifunga, nisiwadanganye vijana. Ila unapima wanachokijua sasa, na sisi tunausoma kana kwamba unatabiri kila kitakachofuata.

Mtazame Eliud Kipchoge kwa tarehe tofauti. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Funga hesabu mwaka 2012, Kenya ilipochagua timu ya kwenda London: ameachwa nje, na mtu angeweza kusema bila ubishi kwamba siku zake zimekwisha. Funga mwaka 2021: ana dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki, na miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekimbia Vienna chini ya saa mbili, 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa namna mbio zile zilivyoandaliwa. Funga mwaka 2024: Paris ile ile, amejitoa baada ya kilomita 30. Wasifu unne wa mtu mmoja, na kila mmoja ni wa kweli kwa tarehe yake.

Huku pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kuna shahidi ambaye habadilishwi na tarehe yoyote: mzazi, na radhi zake. Mtu anaweza kurudi na mali ya kununua nusu ya mtaa, lakini kama mama yake alikufa hajaridhika naye, wazee watasema hana radhi, na siku biashara ikiyumba hawatatafuta sababu kwenye bei ya dola. Na kwa mwenye dini, Mwislamu au Mkristo, hesabu ya mwisho haifungwi hapa duniani kabisa. Aliyesoma uchumi anaweza kuona huko ni kukwepa swali. Mimi naona ni jibu kamili, lenye jambo lake, shahidi wake na tarehe yake, na anayeliamini kwa dhati hutikiswa kwa shida sana na geti la jirani.

Hatuwezi kuishi bila mashahidi. Mtu asiyejali kabisa anavyoonekana na yeyote ni mgonjwa au ni mwongo. Tunachoweza ni kuwachagua kwa makini zaidi, na kuwaambia mapema tunachokifanya, ili wasibaki kukisia kwa kutazama ukuta. Kaka mkubwa anayesomesha wadogo zake watatu mara nyingi hufanya hivyo kimya, kwa aibu au kwa heshima, halafu akafika miaka arobaini akiwa kwenye nyumba ya kupanga, na hao hao aliowasomesha wakamwona mzembe. Anaweza kulisema kwenye kikao cha Desemba, wazee wakiwepo: ada za mwaka huu ni kiasi hiki, nitazilipa mimi hadi wa mwisho amalize chuo, na kiwanja changu cha Kivule kitasubiri mpaka hapo. Akishatamka hivyo mbele yao, lile boma lenye mpapai linajulikana lilipo kwenye mpango, na wadogo zake wanajua ni lini zamu yao ya kununua bati.